Treni ya Kuvuka Mpaka Iko. Ni Vile Sisi Hatukualikwa

Wasee, leo hakuna stori ya mastaa. Leo ni treni.

Najua kuna mtu tayari amepitisha kidole aende posti ingine. Rudi, hii inakuhusu. Inahusu pesa, inahusu mipaka, na inahusu swali moja ambalo tumelikwepa muda mrefu: ni nani ana haki ya kukaa dirishani na kuiona Afrika Mashariki ikipita?

Tuanze na hii. Kuna treni ya kitalii inaitwa Rovos Rail. Ni ya kampuni ya Afrika Kusini iliyoanzishwa 1989, na tangu 1993 imekuwa ikifunga safari za Cape Town hadi Dar es Salaam. Ni safari ya kama wiki mbili. Inatoka Afrika Kusini, inapanda Zimbabwe, inakata Zambia, inaingia Tanzania. Ikijaa kabisa ni abiria 72. Una chumba chako na bafu lako, na jioni ukienda kula, mwanaume anavaa koti na tai. Njiani mnashushwa muone maporomoko ya Victoria, muone maporomoko ya Chisimba kule kaskazini mwa Zambia, halafu treni inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wanyama wakiwa hapo nje ya kioo. Kuna mtu wa historia anawaelezea mko wapi na palitokea nini.

Bei? Zaidi ya dola 10,000 kwa kichwa. Hiyo ni zaidi ya milioni moja na robo za Kenya. Mtu mmoja.

2019 kampuni hiyo hiyo ikatoa treni Dar ikaipeleka mpaka Lobito, Angola. Tanzania, Zambia, Kongo, Angola. Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, ndani ya treni moja, wageni wakinywa chai.

Sasa mnielewe vizuri. Sina noma na hao watu. Wameona biashara wakaifanya, na mzee wa miaka sabini aliyeweka pesa maisha yake yote ili aione Afrika, aione. Ubaya sioni kwake.

Kinachoniuma ni kile hiyo treni inathibitisha. Kila mara vijana wakiuliza kwa nini hatuwezi kupanda treni Nairobi tushukie Kampala, tunaambiwa mipaka ni ngumu, forodha ni ngumu, reli ni za nchi tofauti, sheria ni tofauti. Halafu watu 72 wenye dola wanavuka nchi nne bila shida. Stempu zinagongwa. Injini zinabadilishwa. Ratiba inapangwa. Kumbe inawezekana! Kumbe mpaka ukishaonyeshwa pesa unajua kufunguka.

Na hapa kwetu? Sai ninapoandika hii, hakuna treni hata moja ya abiria inayovuka mpaka wa Kenya. Si Malaba, si Taveta. Sifuri.

Ukifikiri imekuwa hivi tangu zamani, muulize babu yako. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901, ikafika Kampala 1931. Baadaye Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Mtu alikuwa anapanda treni Nairobi analala, anaamka anakaribia Uganda. Hakuwa tajiri. Alikuwa mwalimu, karani, mwanafunzi wa Makerere na sanduku lake la mbao. Jumuiya ikavunjika 1977, shirika likagawanywa vipande vitatu, kila nchi ikabeba mabehewa yake kwa hasira. Treni ya abiria ya kwenda Uganda ilijikokota, ikafa. Mizigo ikabaki. Yaani hadi leo kontena ina uhuru wa kusafiri kwa reli hadi Kampala kuliko wewe.

Hiyo sentensi isome tena. Kontena.

Sasa hii ingine itakuchekesha kama haitakukasirisha. 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya watalii. Mgeni analipa dola 100, anazunguka nchi tatu kwa siku 90. Safi. Mwaka huo huo sisi raia tukaruhusiwa kuvuka kati ya hizo nchi tatu kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Pia safi. Makaratasi yakamalizika. Lakini baada ya kumaliza makaratasi, hakuna aliyeuliza huyu kijana wa kitambulisho atapanda nini. Ndege hawezi. Amebaki na basi la usiku.

Na basi la usiku mnalijua. Unaondoka Nairobi jioni, pazia zimefungwa, sinema ya Nigeria inapiga kelele, unaamka Busia saa tisa usiku ukipangwa laini kama mbuzi, unarudi kulala, unafika Kampala na shingo imepinda. Ukiulizwa umeona nini njiani, umeona giza. Umevuka Bonde la Ufa, umevuka Ikweta, umevuka mto Naili pale Jinja, na hujui.

Mtu ataniambia: si ni kusafiri tu, ukitaka kuona vitu nunua gari. Hapana. Safari ya treni yenye mtu wa kukuelezea ni darasa, na ni darasa ambalo shule zetu zilituibia.

Angalia tu hii njia ya kwenda Uganda. Treni ikitoka stesheni ya Nairobi kwenda magharibi inapita katikati ya Kibera. Mtalii akipita hapo anaambiwa ni mtaa wa mabanda, basi. Ukiwa na mwelezaji anayejua kazi yake, atakuambia jina linatoka kwa neno la Kinubi la msitu, Kibra, na kwamba Wanubi waliwekwa hapo kwa sababu walikuwa wanajeshi wa Mwingereza, na hadi leo swali la ile ardhi halijawahi kuisha.

Unashuka Bonde la Ufa. Unaona Longonot, unaona Naivasha, unafika Nakuru. Halafu unaanza kupanda, polepole, mpaka stesheni ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Kuna stesheni njiani inaitwa Equator, kwa sababu iko hapo kwa Ikweta. Baridi ya huko si mchezo.

Mbali kidogo na hapo ndiyo nchi ya Wanandi. Waliipinga hiyo reli kwa miaka. Kwao ilishatabiriwa kwamba atakuja nyoka wa chuma anayetoa moshi. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi Oktoba 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Soma tena: mazungumzo ya amani. Hii historia inafaa kuelezewa na kijana wa Nandi akiwa amesimama ndani ya behewa, si kwa kibao kilichofifia.

Na wale waliojenga? Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walikufa kazini. Ukiwa unakula chapati kila asubuhi na chai ya maziwa, ujue sehemu ya hiyo meza ilikuja na wao. Lakini ukiuliza msee yeyote historia ya reli, atakupa simba wa Tsavo. Simba wawili wamepewa nafasi kubwa kuliko watu elfu mbili na zaidi waliokufa, kwa sababu simba ndio wanauzika kwa mgeni.

Hapo ndipo naingia kwa hili neno "utamaduni". Kwa ziara nyingi za kifahari, utamaduni ni ngoma ya dakika ishirini. Treni au basi linasimama, kina mama wamepangwa na shanga, wanaruka, wanauza vikapu, picha, kwaheri. Mgeni anaondoka akidhani ameona Afrika. Kina mama wanarudi nyumbani, wanavua shanga, wanawasha simu, wanaendelea na maisha ya 2020 na kitu. Hilo ni igizo. Utamaduni ni yule mzee wa reli mstaafu anayekumbuka kengele ya kila stesheni. Ni rolex ya Uganda, chapati na mayai, iliyokunjwa mbele yako. Ni kugundua kwamba Mteso wa Amagoro na Mteso wa Tororo ni ndugu, wana lugha moja, na mtu wa Ulaya ndiye aliyepitisha kalamu katikati yao. Mpaka wa Malaba uko katikati ya familia. Hiyo kitu haionyeshwi kwa dakika ishirini.

Na kama unafikiri reli ya watu wa kawaida ni ndoto, angalia ile reli ambayo hao wageni wa Rovos wanapitia kuingia Dar. Ni Tazara. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi 1965, Zambia ikabanwa, shaba yake haina njia salama ya kufika baharini. Nyerere na Kaunda wakatafuta pesa Magharibi, wakaambiwa haitalipa. China ikakubali. Kazi ilianza 1970, reli ikakamilika 1975. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na kati ya Mlimba na Makambako ni handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja.

Nchi mbili changa, masikini, zilijenga hiyo kitu kwa sababu ya heshima yao. Abiria wa kawaida wakaanza kuvuka mpaka na magunia na kuku. Ndiyo, treni zake zimekuwa zikichelewa na kuharibika, kila mtu aliyeipanda ana stori. Lakini jambo ni hili: ile mandhari inayouzwa kwa dola 10,000 ni ile ile mama wa Ifakara ameiona akiwa kiti cha daraja la tatu. Twiga hakuulizi umelipa ngapi.

Tanzania haijalala hata sasa. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudi 2019 baada ya miaka mingi, ikafika Arusha 2020, kwa reli ile ile ya zamani. Halafu 2024 wakazindua treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma. Sisi tuna SGR tangu 2017, na ndiyo, inajaa. Mara ngapi umeona vidio ya ndovu wa Tsavo iliyopigwa kutoka dirishani? Kiti cha ekonomi kilipandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024 na bado wikendi ndefu unakosa tiketi. Nanyuki treni ilirudi 2020, watu wakaikimbilia. Kisumu ikarudi 2021, watu wakaikimbilia. Kwa hivyo msituambie vijana hawapendi treni. Vijana wanapenda treni. Ni mpaka tu ambao treni imekatazwa kuuona.

Sasa nijibu wale ambao najua watakuja kwa komenti.

"Ngojeni SGR ifike Malaba." Tumengoja. 2019 abiria wakaanza kufika Suswa na hapo ikakaa. Mipango ya kuipeleka Kisumu na Malaba imetangazwa zaidi ya mara moja, na kila uchaguzi ukikaribia inatangazwa tena. Lakini reli ya zamani iko, mizigo inapita juu yake hadi Malaba, na ya Uganda ina upana ule ule wa mita moja. Ni kweli upana unaweza kuleta shida. Ya Tazara ni milimita 1,067, ndiyo maana treni ya Cape Town haiwezi tu kuendelea mpaka Nairobi. Lakini Nairobi na Kampala hazina hiyo shida. Mkoloni alituachia upana mmoja na bado tumeshindwa.

"Treni ya zamani ni polepole." Ndiyo, na ni sawa. Hawa wa dola 10,000 wanalipia nini hasa? Upolepole! Wiki mbili za kwenda mwendo wa jongoo. Inakuwaje upolepole ukiwa wa mzungu ni anasa, ukiwa wangu ni umasikini?

"Treni ya abiria haileti faida." Niambie barabara gani ya kwenda kwenu inaleta faida. Kuna vitu nchi inalipia kwa sababu bila hivyo si nchi. Umoja wa Ulaya tangu 2018 unagawa tiketi za treni za bure kwa maelfu ya vijana wa miaka 18, kwa shindano la maswali, waende wakajue majirani wao. Hao ni watu ambao mababu zao walimalizana kwa vita viwili vikuu. Wameelewa kwamba kijana aliyekula nyumbani kwa jirani ni vigumu kumtuma akampige. Sisi Jumuiya yetu ina nchi wanachama nane, bendera nane, mikutano isiyoisha, na hakuna tiketi moja ya treni ya kijana.

Halafu tunashangaa. Kila baada ya miezi michache Wakenya na Watanzania wanararuana mtandaoni. Ugali wa nani, mlima wa nani, Kiswahili cha nani. Waganda wakiingia inakuwa vita vya pembe tatu. Matusi yanatiririka kati ya watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga kwa mwenzake. Mtu wa Donholm anajua mitaa ya London kwa sababu ya mpira, hajui Jinja iko upande gani. Hiyo siyo akili ndogo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kutupeleka, na wanasiasa wanafurahia hivyo, kwa sababu majirani wasiojuana ni rahisi kuchochewa.

Kwa hivyo ninataka nini? Nataka vitu vitano, na hakuna hata kimoja ambacho ni cha sayari ingine.

Moja, treni moja kwa wiki, Nairobi hadi Kampala, kwa reli ya zamani. Si kila siku. Moja. Iende na viti vya bei ya basi na vitanda vichache kwa wenye nacho.

Mbili, ukaguzi wa vitambulisho ufanyiwe ndani ya behewa kabla ya Malaba. Wageni wa kifahari hawakeshi kwenye laini, na mimi mgongo wangu ni ule ule wa binadamu.

Tatu, waelezaji vijana. Mmoja apande Nairobi, apokezane na wa Nakuru, wa Eldoret, wa Tororo, wa Jinja. Walipwe mshahara, si vidokezo. Tuna maelfu waliosomea historia, utalii na lugha wakiuza kadi za simu. Hiyo ndiyo kazi yao, iko kwa reli, inangoja.

Nne, tiketi ya wanafunzi na vijana, nusu bei, likizo zote.

Tano, ile reli ya Voi hadi Taveta mpaka Kahe, karibu na Moshi, ifufuliwe. Waingereza waliijenga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili wapeleke wanajeshi wakapigane na Mjerumani. Yaani ilijengwa kwa haraka ili watu wauane. Leo tumeshindwa kuifungua ili watu wasalimiane.

Na tusikae tukingoja serikali kama watoto. Ukiwa na mbogi yako ya watu sita, hii safari unaweza kuianza hata sasa. Panda SGR, shukia Voi. Matatu hadi Taveta, vuka Holili. Tanzania beba pasipoti au ukate kibali cha muda, kitambulisho pekee hakitoshi. Lala Moshi, Kilimanjaro ikikuangalia. Panda treni ya Moshi hadi Dar, halafu ile ya umeme hadi Dodoma. Angalia siku za treni kabla hujatoka nyumbani. Kila mmoja wenu asome sehemu moja ya njia awe mwelezaji wa wengine. Mkirudi, wekeni hesabu hadharani: fare ilikuwa ngapi, mlilala wapi, mpaka ulichukua masaa mangapi. Hizo namba ndizo silaha. Mheshimiwa anaweza kubishana na hasira yangu, lakini hawezi kubishana na risiti mia mbili.

Halafu mkishaweka, mtumieni mbunge wenu, na mtumieni wale wa bunge la Afrika Mashariki kule Arusha. Wengi wetu hatujui hata majina yao, na wao hawana haraka ya kutujulisha. Waulizeni swali moja tu: kama kontena inaweza kupanda treni kwenda Kampala, mimi nimekosea wapi?